Nguzo Zilizokunywa Mafuta ya Ndege

Mchwa wa Ruiru hawana adabu. Unasimamisha nguzo leo, mvua moja ikipita wameshaanza kuila kutoka chini, na nyumba inainama kama mtu anayetafuta sindano. Ndiyo maana sisi wa kambi ya wafanyakazi, kwenye shamba la kahawa lililo kati ya Ruiru na Thika, tulipaka nguzo zetu mafuta machafu ya injini. Majirani waliomba ya trekta. Mimi, Nekoye, nilikuwa na ya ndege, na nilihakikisha hakuna asiyejua.

Mume wangu Tobias ndiye aliyekuwa fundi wa hiyo ndege. Ufundi aliusomea jeshini wakati wa vita. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya viti viwili, mali ya mwenye shamba, Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani kwa sababu alivaa miwani moja machoni na nyingine juu ya paji la uso. Aliruka nayo kwenda kukagua mkonge wake upande wa Ngoliba. Alikuwa na sheria moja ambayo sikuipenda hata siku moja: injini ikishaguswa, fundi aliyeigusa lazima apande ndege pamoja naye, wazunguke juu ya Thika, ndipo ndege irudi kazini. Tobias alisema ni sheria ya haki. Mimi nilisema ni sheria iliyotungwa na mtu asiyewahi kungojwa na mke chini.

Mwaka wa hamsini na tisa yakaja mafuta mapya. Tobias hakuwa na habari nyingine nyumbani ila mafuta.

"Haya yana dawa ndani, Mama Nafuna," aliniambia. "Yale ya zamani yaliacha masizi yatulie, yakaganda kwenye injini kama ukoko kwenye sufuria. Haya yanaukamata uchafu, yanaelea nao mpaka siku ya kumwagwa."

"Basi yanachafuka upesi."

"Yanakuwa meusi ti! Ndiyo kazi yake. Mafuta yakikaa meupe, ujue uchafu umebaki kwa injini."

Nilimwambia hiyo ni hekima ya mtu asiyefua nguo zake mwenyewe. Alitoa karatasi ya kukaushia wino, akaiweka mezani kando ya ugali, akadondosha tone moja la mafuta aliyoyatoa kwenye injini. Tukaangalia. Lile tone lilianza kutembea. Katikati likabaki doa, kisha weusi ukaenda polepole ukitanda sawasawa hadi mbali, na nje kabisa ukatokea mviringo mwembamba wa rangi ya chai. Tobias alinionyesha kwa kijiti cha kiberiti: weusi umesafiri, haukulundikana katikati, kwa hiyo dawa bado ina nguvu. Mimi nilisahau kula. Kwamba tone la takataka linaweza kuulizwa swali nalo likajibu! Nilistaajabu, na sioni haya kusema hivyo.

Kazi ya kusafisha vipuri ilikuwa ya Mzee Kagwe. Kabla ya kuletwa kwenye ndege alikuwa nyapara wa kiwanda cha kuosha kahawa hapo shambani, na huko alifunzwa kuosha mpaka ute wote utoke na mbegu zikisuguliwa viganjani zilie. Mtu wa kiwanda hampelekei mkubwa kitu ambacho hakijaoshwa. Injini ile ilikuwa na chujio la waya, na kila mafuta yalipobadilishwa Mzee Kagwe alilileta kwa mikono miwili, likimetameta. Tobias alilitazama dhidi ya mwanga wa mlango, asione kitu, akaridhika.

Jumamosi moja mafuta yalibadilishwa. Safari ya kuijaribu ndege ikapangwa Jumatatu asubuhi. Tobias akaniletea tini la mafuta yaliyomwagwa, na Jumapili tulipotoka kanisani nilivua nguo nzuri, nikaanza kupaka. Nilianza na nguzo za mbele, zinazoonekana na watu. Nguzo ya jikoni, nyuma, ilipata yale mazito ya chini kabisa ya tini.

Jioni jua lilikuwa limelala upande wa nyuma nilipokwenda kuchukua kuni. Mti ulikuwa umeshayanywa mafuta yote. Na nguzo ya jikoni ilikuwa inameremeta, kuanzia kiunoni hadi chini.

"Baba Nafuna!" nikaita. "Njoo uone! Ndege yako imetupambia jiko!"

Alikuja akicheka, na kikombe cha chai mkononi. Kisha akaacha kucheka. Alikiweka kikombe hewani, kikaanguka, wala hakukitazama. Alipitisha kidole kwenye nguzo, akakisugua kwa gumba, akakiinua juani: chembe ndogo ziling'aa. Aliingia ndani akatoka na sumaku ya redio iliyoharibika, akaipitisha juu ya zile chembe. Hazikusogea.

"Ingekuwa chuma ingeruka ikashika," alisema. "Hii ni laini. Ni ya beringi."

"Beringi ni nini?"

"Ni kile mhimili wa injini unakilalia ukizunguka. Kinakwisha, Nekoye." Hakuwa akiniita kwa jina langu ila siku za msiba. "Lakini chujio lilikuwa safi! Nililiangalia kwa macho yangu!"

Nikaielewa ile nguzo. Ilikuwa imefanya kama ile karatasi ya mezani: imekunywa mafuta, ikaacha wazi kilichofichwa na weusi wake. Ugonjwa wa chombo kinachoruka juu ya mawingu ulikuwa umeshuka mpaka jikoni kwangu, ukasimama hapo kwenye jua ukitungoja tuutazame. Nilitamani kupiga magoti, na mimi si mtu wa kupiga magoti ovyo.

Tobias alisema atamweleza bwana asubuhi. Mimi nilimjua bwana, na nilimjua Tobias akiwa mbele ya bwana. Kulipokucha nilichukua panga, nikaikata ile nguzo juu na chini. Paa la jiko likashuka upande mmoja. Nikaitia nguzo begani, nikamfuata mume wangu uwanjani.

Bwana Miwani alikuwa tayari amevaa kofia ya kurukia. Tobias alimweleza habari ya zile chembe, akaomba injini ifunguliwe kwanza.

"Chujio safi kabisa," alisema. "Mimi kwisha ona mwenyewe. Fungua injini ya nini? Panda."

Tobias alisimama mkono mmoja ukiwa kwenye bawa. Nilidhani atapanda. Nikaitua nguzo miguuni pa yule Mzungu, nikaigeuza ielekee jua.

Aliinama. Alivua miwani ya machoni, akashusha ya pajini, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita Mzee Kagwe, akamwuliza chujio lilikuwaje alipolitoa.

"Lilikuwa na uchafu, Bwana. Vitu vidogo-vidogo vinang'aa. Nikaosha na petroli vizuri sana. Hata ile mara iliyopita nilikuta, nikaosha."

"Mbona hukuniambia?" Tobias akauliza.

"Ningekuletea chujio chafu, fundi? Wewe ungeniona mtu wa namna gani?"

Nilikuwa na maneno ya kumtosha mzee yule mwaka mzima, lakini nilipomwona usoni nikayaacha.

Injini ilifunguliwa wiki ile ile. Tobias aliniletea beringi ndani ya kitambaa, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa imepasuka na kubanduka maganda. Niliiminya kwa vidole tu, vidole vya mtu wa kukanda unga, kipande kikakatika. Hiki ndicho kingembeba baba wa mtoto wangu juu ya Thika. Mzee Kagwe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alivua kofia akaketi chini kwenye vumbi.

"Ngai," alisema. "Ningeua mtu na usafi."

Beringi mpya ikaja, injini ikafungwa, ikaungurumishwa chini siku nzima, kisha mafuta yakamwagwa tena. Safari hii Mzee Kagwe alileta chujio halijaoshwa, amelishika mbali na mwili, uso ameugeuza pembeni kwa aibu. Tobias hakuona chembe. Hata hivyo alibeba tini mwenyewe mpaka nyumbani, akaliweka mbele yangu.

Niliipaka nguzo mpya ya jiko kwa yale mazito ya chini. Nikaungoja mti unywe. Nilikwenda kuitazama mchana, nikaenda tena jioni jua lilipogeuka, nikiinamisha kichwa huku na huku hadi Nafuna akadhani naumwa shingo.

Asubuhi Tobias alisimama mlangoni, amevaa. Upande wa uwanjani injini ilikuwa ikinguruma, na Bwana Miwani alikuwa anangoja. Tobias hakuondoka. Nikazunguka nyuma, nikapitisha kiganja kwenye nguzo kutoka paani hadi ardhini, nikarudi nikakifungua mbele yake kwenye jua. Kilikuwa cheusi, cheusi kitupu.

"Nenda," nikamwambia.