Kipimo Namba Kumi na Saba

Farah alilibwaga daftari juu ya meza ya kambi hata chai ikamwagika.

"Angwenyi, hiki kipimo ulikipikia wapi? Hotelini Magwagwa?"

Ebo! Mtu mzima wa miaka ishirini na sita, aliyelipigia magoti kila jiwe la milima ile, leo anaambiwa amepika! Angwenyi alilichukua daftari akalipangusa chai.

Alikuwa akifanya kazi na Farah tangu Januari ile ya 1969. Farah alikuwa Msomali wa Isiolo, mtaalamu wa miamba, kasoma mpaka kaota mvi kabla ya siku zake. Alikuja Nyamira kuiuliza milima mambo mawili: ilibanwa lini, na ilibanwa kwa nguvu gani. Hilo la lini lilijibiwa ng'ambo. Vipande vya mwamba vilipelekwa huko masandukuni, na jibu likarudi kwa barua: miaka milioni elfu mbili na zaidi. Hilo la pili lilijibiwa na magoti ya Angwenyi.

Ndani ya mwamba ule mlikuwa na kokoto zilizoshikana. Zamani hizo zilikuwa za duara, zimeviringishwa na mto. Milima ilipokuwa ikijengeka zikabanwa, zikarefuka kama ndizi changa, na zote zikalalia upande mmoja. Angwenyi alipima urefu na upana wa kokoto moja moja ili ijulikane imebanwa kiasi gani, kisha akaweka dira aone imelalia wapi. Alipima mawe arobaini na matatu. Arobaini na mawili yalilalia kaskazini-mashariki. La kumi na saba, peke yake, lilikatiza njia ya wenzake.

"Mwamba haupatwi na wazimu," Farah alisema. "Ama jiwe hili liliviringishwa kutoka mahali pake, nami nilikukataza kupima jiwe lisilo na mzizi. Hilo ni kosa, nitakusamehe. Ama ulijaza namba umekaa kivulini. Huo ni uongo, na mwongo sikai naye hata siku moja. Alhamisi asubuhi utanipeleka nikalione."

Jiwe lenyewe Angwenyi alilijua. Lilikuwa nyumbani kwao. Siku aliyolipima njaa ilikuwa imembana, na ugali wa wimbi wa mama yake ulikuwa hatua hamsini tu kutoka pale. Tumbo ndilo lililochagua jiwe, si kichwa. Tena lilikuwa jiwe kubwa, limezama ardhini. Nani angedhani halina mzizi?

Na laiti lingekuwa jiwe tu! Lilikuwa mpaka kati ya baba yake, Mzee Ondieki, na Kemuma, mjane wa Machogu. Wazee wa kamati ya ardhi walikuwa wakizunguka kijiji kwa kijiji kukata mipaka ili watu waandikiwe hati, na zamu ya kijiji chao ilikuwa Alhamisi hiyo hiyo, alasiri. Kemuma alisema jiwe ni mgeni, limesogezwa likamlia shamba. Ondieki alisema limeota pale tangu Mungu aumbe dunia.

Jumatano mchana Angwenyi akaenda nyumbani na panga. Ng'ambo ya jiwe Kemuma alikuwa akichuma majani chai, kikapu mgongoni. Angwenyi akapiga magoti akachimba chini ya ubavu wa jiwe, akiomba akutane na mwamba. Akakutana na udongo mweusi, laini. Akachimba tena. Ikatokea mizizi minene iliyolaliwa, imepangwa katika mstari mmoja ulionyooka sawasawa na mistari ya Kemuma, na ule wa ukingoni ulikuwa umepinda lakini, panga lilipoukwaruza, ndani bado mbichi. Ilikuwa mizizi ya chai.

Loo! Dunia nzima ya pale ilijua Machogu alipanda chai mwaka wa Uhuru, akafa hata kikapu cha kwanza hajachuma. Basi jiwe la miaka milioni elfu mbili lilifika pale juzi tu, mwenye chai akiwa kaburini na Angwenyi akiwa shuleni Mosocho. Kumbe kipimo namba kumi na saba kilikuwa cha kweli tupu; jiwe ndilo lililogeuzwa.

"Unachimba nini?"

Baba yake, Mzee Ondieki, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Tata, jiwe hili lilifikaje hapa?"

"Lilikuwepo."

"Chini yake kuna chai."

Mzee akakaa juu ya jiwe, polepole. "Una wadogo zako wanne. Watalima wapi, kichwani mwangu? Yule ana binti mmoja. Ataolewa, ataenda zake."

"Lakini ni mjane, Tata."

"Kesho watakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye mtu wa mawe. Ukisema limeletwa, mimi mzee wa kanisa nitaitwa mwizi wa mpaka mbele ya watu niliowazikia wazazi wao. Kama unataka kuniua, niue."

Mzee akailaza fimbo yake miguuni pa mwanawe. Angwenyi hakuwahi kumwona akiiachia, hata siku walipomzika babu. Angefokewa angejibu; fimbo ile ilimrudisha magotini. Akarudishia udongo, akaushindilia kwa kiganja. Alipoinua macho, Kemuma alikuwa ameacha kuchuma, anamtazama.

Asubuhi ya Alhamisi Farah alikuwa tayari, viatu miguuni, dira shingoni. Angwenyi alisimama mbele yake. Farah akilifikia jiwe angejua mara moja kuwa limeletwa, na wazee wangesikia kabla ya alasiri.

"Usijisumbue, bwana. Nilikipika."

Nakuambia, mtu aweza kujitia kitanzi kwa maneno matatu. Farah aliivua dira shingoni. Alikuwa akimpenda kijana huyu, hata alikwisha kumwandikia barua ya kumwombea nafasi ya kusomea kazi ile.

"Kipi?"

"Hicho kimoja tu. Wallahi, kimoja tu."

"Na nitajuaje?" Farah alifungua daftari, akaanza kupiga mstari juu ya kila ukurasa, kuanzia namba moja. "Kama kimoja ni cha uongo, hivi vingine nitaviapia kwa nini?"

Kalamu ilipita juu ya mvua yote, juu ya jua lote, juu ya magoti yote ya mwaka ule. Angwenyi alisimama pale mpaka namba arobaini na tatu, kisha akafunga mizigo yake.

Alasiri wazee walilizunguka jiwe. Mwenyekiti wao, Mzee Abner, hakupenda maneno mengi.

"Kijana, limeota au limeletwa?"

"Limeota."

"Muulizeni jana alichimba nini!" Kemuma alipaza sauti. "Nilimwona kwa macho yangu. Muulizeni aliona nini chini!"

Abner akamgeukia. "Uliona nini?"

"Mizizi."

"Mizizi ya nini?"

Angwenyi aliiona fimbo ya baba yake. "Ya majani tu, mzee."

Basi ikaandikwa hivyo. Kemuma hakulia. Alijifunga leso upya, akaondoka.

Kile kipande cha shamba kilichomegwa na jiwe Ondieki alimpa Angwenyi ajenge. Angefanyaje? Kazi hana, na fununu za mpika vipimo zilishamtangulia hadi Kisii mjini. Akajenga. Mwaka wa pili, mvua ndefu ilipokolea, chini ya ubavu wa jiwe, pale alipolegeza udongo kwa panga lake, kikachomoza kichipukizi cha chai. Alikikata. Kikachipua. Alikikata tena, nacho kikarudi na matawi mawili.

Asubuhi moja alimkuta Kemuma ameinama pale. Alikuwa amevuka mpaka na kikapu chake. Akachuma majani mawili na chipukizi, kama inavyochumwa chai, akatia kikapuni.

"Machogu alipanda mistari saba," alisema. "Mimi nachuma sita. Huu ni wa saba, au nakosea?"

"Hukosei, mama."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Basi nenda kamwambie Abner. Bado yu hai, na nyumba yake unaijua."

Angwenyi alitazama viatu vyake. Huko nyuma Mzee Ondieki alisikika akikohoa, akiita apelekewe uji. Kemuma alingoja mpaka umande ukamkaukia miguuni. Kisha akalizunguka jiwe, akarudi upande wake.