Orodha ya Macho

Sista Mkubwa alikuwa na ugonjwa wa mikato. Kila alipovuta pumzi, aliweka mkato. Wagonjwa mia na sitini waliokuwa wakisubiri kupasuliwa mtoto wa jicho aliwaandika mwenyewe kwenye kompyuta ya zahanati, kila mtu mstari wake, na mstari mzima ameusokomeza ndani ya kisanduku kimoja: jina, umri, jicho, mtaa, simu, na humo humo katikati maoni yake. Mpole. Anakohoa. Msumbufu huyu, mkwewe ndiye anamuweza. Orodha gani hiyo, jamani? Hiyo ni barua kwa shangazi.

Daktari wa upasuaji alikuwa anakuja siku tatu tu kwa mwaka, na kila mgonjwa alitengewa jicho moja. Wengi wao macho yote mawili yalikuwa yamefunga weupe, huwezi kuyatofautisha kwa kuyatazama. Lakini nyuma ya ule weupe jicho moja laweza kuwa limeshakufa, na hilo ukilipasua umetwanga maji kwenye kinu. Sista Mkubwa ndiye aliyewapima kwa tochi, mmoja baada ya mwingine: "Mwanga unauona? Na huku je?" Jicho lililouona ndilo aliloliandika. Daktari, mwenye watu zaidi ya hamsini kwa siku, hakuwa na muda wa kupima upya. Alitaka orodha yenye kolamu, jicho kwenye kolamu yake, ili plasta ibandikwe juu ya jicho la kupasuliwa bila mtu kusoma hadithi.

Kazi akapewa karani wa mapokezi, binti aliyeitwa Chapuchapu, na jina hilo hakulipata kwa bahati nasibu. Alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Tatizo lake ni kwamba alijua kuwa ni hodari.

"Mwanangu, tukae tuipitie wote wawili," Sista Mkubwa alimwambia.

"Sista, hii ni dakika mbili. Naiambia kompyuta, penye mkato kata. Basi."

"Haya, kata. Anayekata kitambaa bila kupima huvaa kaptura."

Chapuchapu akacheka, akakata. Majina yakaenda upande wao, umri upande wake, lakini mistari mingi ikatoka na vipande vya ziada. Mtaa umekaa kwenye simu, simu imesukumwa nje, na "anakohoa" imejikalia kwenye kolamu ya mtaa utadhani kuna mtaa wa jina hilo. Akaanza kufyeka. Mpole, futa. Msumbufu, futa, vuta mstari urudi. Kwenye mistari kumi na tisa, baada ya jicho tu, alikuta neno "kwangu". Kwangu nini tena? Huyu mama na maneno yake! Akafuta yote kumi na tisa, akachapisha, akainyanyua karatasi dirishani kuitazama. Ilikuwa imenyooka kweli, na alijisikia raha.

Siku ya kwanza ya daktari, Chapuchapu ndiye aliyekuwa akibandika plasta. Wa saba alikuwa fundi cherehani mmoja mzee, mjane, ambaye watu walimwita Mama Sindano. Alikuwa ameacha kushona mwaka wa tatu sasa kwa sababu ya macho, na tangu hapo alikuwa anakula kwa mkono wa mtoto wa dada yake, jambo alilolichukia kuliko upofu wenyewe. Chapuchapu akambandika kushoto.

"Mjukuu wangu, ni hili?"

"Ndilo, bibi. Ndivyo orodha inavyosema."

"Mimi ule mwanga wa tochi niliuona huku," bibi akasema, akagusa la kulia taratibu. "Lakini nyie ndio mliosoma."

Chapuchapu akampigapiga begani, akaita wa nane.

Saa sita mchana ikafika zamu ya fundi saa, mtu ambaye adabu za namna hiyo hakuzaliwa nazo. "We binti! Plasta umeibandika kwenye kaburi. Jicho langu lenye uhai ni lile jingine. Hanigusi mtu hapa!" Benchi zima likageuka. Chapuchapu, uso umemwiva, akamwita Sista Mkubwa aje amtulize mgonjwa wake.

Sista Mkubwa akaiangalia plasta, akaiangalia orodha.

"Kwangu yangu iko wapi?"

"Kwangu ipi?"

"Mgonjwa akikaa mbele yangu hapa kwenye kompyuta nikampima pale pale, naandika kwa upande wangu mimi; wale niliowanakili kutoka kwenye kadi zao ndio wa upande wao. Kushoto, kwangu. Yaani kulia kwake. Miaka ishirini na sita naandika hivyo! Wewe umelipeleka wapi neno langu?"

Chapuchapu alikimbilia kwenye kompyuta, akafungua orodha ya zamani, ile barua kwa shangazi, akaanza kusoma kwa mara ya kwanza. Kisha akaenda mwenyewe kugonga mlango wa chumba cha upasuaji, na kwa hilo tumpe heshima, maana wapo ambao wangejitia hamnazo.

Kati ya wale kumi na tisa, kumi na wanane walikuwa hawajaingia. Mmoja alikuwa ametoka tangu saa tatu asubuhi. Daktari alisikiliza amesimama, akasema jicho la pili halifunguliwi kabla la kwanza halijapona, na kupona ni wiki kadhaa. Mwakani, basi.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya kufungua bandeji. "Utasema wewe," Sista Mkubwa alimwambia. "Mimi nitamshika mkono tu."

Bandeji ikatoka. Mama Sindano akapepesa, akageukia dirishani, akangoja.

"Bado," akasema. "Msiwe na huzuni, wanangu. Labda linachelewa kuamka. Mmefanya kazi kubwa."

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke. "Bibi, halitaamka. Tumepasua jicho silo. La kupasuliwa lilikuwa la kulia, lile ulilonionyesha. Mimi ndiye niliyefuta neno kwenye orodha. Kosa ni langu. Mwakani utakuwa wa kwanza kabisa."

Bibi akageuka kuifuata sauti yake.

"Kwa hiyo nilikwambia kweli?"

"Uliniambia, bibi."

"Maana usiku kucha nimejilaumu. Nimesema, kumbe sasa hata akili imeniacha, sijui tena jicho langu lipi."

Akautoa mkono wake mkononi mwa Sista Mkubwa, akapapasa ukingo wa kitanda.

"Nipeni fimbo yangu," akasema. "Na huyu binti asinishike."