Saa za Diski Mbili

Mende wa kwanza alitoka kwenye feni ya seva, wa pili akamfuata bila haraka, kama mwenye nyumba anayekuja kuona nani anagonga. Fundi aliwakung'uta kwa bisibisi. Mkono wake ukagusa kitu cha baridi: tambara la kudekia, bado bichi, limetupwa juu ya nyaya za umeme. Akajifuta kwenye suruali, kisha akaijutia suruali. Hapa ndipo mjomba wake alipoona panafaa kuweka seva ya ofisi nzima, stooni, kati ya ndoo na fagio.

Mjomba alikuwa mpima ardhi, na ndiye aliyemlea fundi tangu binti huyo yuko darasa la pili. Seva ilitunza ramani za viwanja vyote alivyopima kwa miaka ishirini. Asubuhi hiyo mama wa mapokezi alichomeka birika la chai kwenye soketi moja na seva, umeme ukakatika. Uliporudi, kila kitu kiliwaka isipokuwa seva.

"Birika!" mjomba alikuwa akifoka huko mbele. "Kazi ya miaka ishirini imeliwa na birika! Kabidhi funguo, mama. Ikifika saa sita sitaki kukukuta hapa."

"Baba, mimi ningejuaje?" Sauti ya mama ilikuwa imeshalowa. "Mwanangu wa mwisho bado yuko chuoni. Nikitoka hapa naenda wapi?"

Fundi aliyasikia yote, akainamia kazi yake. Alikuwa anajua jambo ambalo wale wawili hawakulijua. Umeme kukatika mara moja si ajabu, na seva yenye diski za maana huamka ikaendelea.

Seva ile ilikuwa na diski za aina mbili. Kubwa nne zilibeba ramani, nazo zilikuwa nzima. Ndogo mbili zilikuwa na kazi moja tu, kuiamsha seva kila inapowashwa. Ziliwekwa mbili ili moja ikifa, mwenzake ashike zamu. Leo zote mbili zilikuwa maiti.

Miezi minne nyuma alimwandikia mjomba kwenye karatasi: diski mbili, mpya, zisitoke kiwanda kimoja, na ziwe zile zinazohimili umeme kukatika ghafla. Mjomba alicheka, akamwonyesha darubini yake ya kupimia iliyosimama dirishani.

"Unaiona hii? Ina miaka thelathini na haijawahi kunidanganya. Kitu kipya hukijui tabia. Kilichofanya kazi ndicho kitu."

Akaenda kwa muuza vitu vya mtumba, akarudi na diski mbili mfukoni, anatabasamu kama aliyeokota dhahabu. Ndiyo akili yake hiyo. Darubini haichoki kwa kuandikwa kumbukumbu ndani, diski inachoka, lakini nani amwambie?

Nani, kweli. Diski huhesabu saa ilizofanya kazi, kama gari linavyohesabu kilomita. Siku ya kuzifunga, fundi alifungua ukurasa wa hesabu hiyo. Moja ilikuwa na saa elfu arobaini na tatu, mia nane na kumi. Nyingine iliizidi saa mbili tu. Mapacha wa mashine moja, miaka mitano bila kulala, wakisubiri kufa pamoja. Aligeuka ili aseme, akamkuta mjomba mlangoni, mikono kiunoni.

"Vipi, umeshaanza kunifundisha kununua?"

"Hapana, mjomba. Ziko sawa."

Akaufunga ukurasa.

Sasa alichomoa diski moja, akaibandua karatasi yake inayong'aa. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, chakavu, na gundi ya kahawia yenye nywele ya mtu. Ilimnata kidoleni, akaisugua, haikutoka. Kinyaa kikampanda, na alijua si cha gundi peke yake.

Alilipigia simu duka la kuaminika, akaagiza alichokiandika tangu mwanzo. Zingefika kabla ya saa sita. Angezifunga, angezipakia programu upya, seva ingeamka, mjomba angemsifu mpwa wake, na jumba bovu lingebaki limemwangukia mama wa mapokezi. Huko mbele droo zilifunguliwa moja moja. Fundi alikaa juu ya ndoo, na kila droo iliyofunguliwa alijichukia upya. Mficha uchi hazai, bibi alizoea kusema, na bibi ndiye aliyemzaa huyo mjomba, kwa hiyo alijua anachosema.

Saa tano na nusu alitoka, diski mkononi.

"Si birika, mjomba. Ni hizi. Zilikuwa zimechakaa tangu siku ulipozileta."

"Umejuaje?"

"Niliona siku ile ile, kwenye hesabu ya saa zake: zaidi ya elfu arobaini kila moja, na diski mpya huanza na sifuri. Nikakwambia ziko sawa."

Mjomba alitazama mlango, akatazama dirisha. "Njoo ndani. Haya ni mambo ya familia."

"Hapana. Aliyefukuzwa yuko hapa."

Mama wa mapokezi alikuwa amesimama na mkoba begani. Hakumtazama mjomba.

"Tangu saa mbili uko stooni?"

"Ndiyo, mama."

"Na kilio changu ulikisikia."

"Nilikisikia."

Mjomba akakohoa. "Basi, mama. Rudi kwenye kiti chako. Yaishe."

Mama alitoa kikombe chake mkobani, akakiweka mezani, akakaa. Asante hakutoa, wala haikustahili kutolewa.

Diski zilipofika, fundi akazishika aelekee stooni. Mama akanyoosha mkono, akamzuia.

"Zifungulie hapa. Nisomee saa zake."

Fundi alilichana boksi la kwanza, akaiunganisha diski na laptopu yake juu ya meza ya mapokezi.

"Sifuri."

"Sijasikia."

"Sifuri!" alisema kwa sauti ya kumfikia hata mjomba aliyekuwa akiipangusa darubini yake isiyo na vumbi.

Mama alifungua daftari la wageni, akaandika, akaacha kalamu juu ya karatasi.

"Na ya pili?"