Papai la Paulo

...na nacheka, ndiyo, nacheka, kwa sababu mtu aliyechuchumaa juani katikati ya soko la mbuzi, mikono kichwani, akiacha kucheka ataanza kutetemeka, na mimi Abdijabar, mimi Afdheer, Mdomo Mrefu, jina nililopewa na mji mzima wa Garissa wala sikujipa mwenyewe, sitetemeki, ni magoti tu, magoti yamechoka, hayo ni mambo yao magoti... sajini bado yuko kule mwanzo wa mstari, fimbo kwapani, njiti ya kiberiti mdomoni, anamwinamia mtu kama daktari wa meno, Sema, papai la Paulo limepasuka, na yule mtu, maskini ya Mungu, ndevu nyekundu za hina, anasema kwa sauti ya mtu anayesoma dua, Babai la Baulo limebasuka, askari wanavunjika mbavu, hata mimi nusura, maana kusema kweli inachekesha, kama si lile lori pale kando la kuwabeba wanaoitwa wageni ungelipa kiingilio uje utazame, kisha sajini anasema neno moja tu, Lori, na mzee anainuka anapangusa vumbi kikoi chake kama mtu anayekwenda kwa wakwe, anapanda... anayefuata ni Kerrow wa chai, namjua, kakulia hapa hapa, Papai la Paulo limepasuka, afande, safi, anapelekwa kivulini ukutani, ameokoka, hata hageuki nyuma... papai, papai, mimi ninayo, p yangu ni p ya chuma, siwezi kuipoteza hata nikiwa na homa, Kisomali chetu hakina herufi hiyo, niliipata kwa watoto wa makarani, hooyo, mama yangu, alipokuwa akiuza maziwa ya ngamia kwenye nyumba za serikali, akigonga mlango mmoja mmoja, mimi nje nacheza mpira na vijana waliokuja na baba zao kutoka bara, wananiambia Abdi sema pampu, nasema bambu, wanagaagaa chini, sema pilipili, bilibili, mpaka nikaenda nyumbani nikakaa mbele ya kibatari, nikajifunza kukizima kwa neno, p, p, p, na siku kilipozimika nikarudi nikawatukana wote kwa matusi yenye p, wallahi hawakunicheka tena, tangu hapo nikasema kipande cha nini, wengine wanapanga foleni ofisi ya vitambulisho wanaambiwa walete cha babu, cha babu wa babu, mimi kipande changu ni huu mdomo, nikiufungua tu karao, polisi mwenyewe, ananiita ndugu yangu... nitapita, nitasema hata yote, papai na pera na pasheni, nitampa na bei... lakini Ogle, yaa Rabbi, Ogle hapa kushoto kwangu, bega lake limegusa langu, jasho lake linaingia shati langu, Ogle mume wa dada yangu Weris, mtu wa Hadado, aliyezaliwa kando ya kisima huko Wajir na hajawahi kuuona mpaka wa Somalia hata kwa mbali, kaja Garissa kuuza mbuzi kabla Weris hajajifungua, Kiswahili chake ni cha kuuliza bei na kusema hapana, na ile p hana, hana kabisa, ni kama kumwomba ngamia apige mluzi... na yuko hapa kwa sababu yangu, haya, nimelisema, hapana, sijalisema, limepita tu... Waryaa, kichwa chini! huyo ni yule askari kijana anayetembea nyuma yetu na rungu, simwoni, naona buti zake tu, kichwa chini afande, kiko chini... asubuhi kichwa kilikuwa juu, ee, kreti ya soda imegeuzwa, mimi juu yake, soko lote linanitazama, nikasema mimi, mwanafunzi wa Madam Kaaha, mwanafunzi bora, nani mwingine, shule ya serikali tuliachana kidato cha pili kwa amani kabisa, nilikuwa nimeshaijua, lakini hili darasa la jioni, banda la mabati pale Waberi, somo la utetezi, hili lilikuwa limeshonwa kwa kipimo changu, namna ya kuongea na watu mpaka wabadili nia, watoto wa kike wapelekwe shule, maji ya mto yachemshwe, watoto wachanjwe, na wengine darasani wakisimama wanameza ulimi, wanasoma kikaratasi, mimi nasimama mikono mitupu na mama wauza maziwa waliokuja kupumzika kivulini wanaacha kusogoa, mmoja alisema huyu kijana angemuuzia fisi nyasi, nililala na sifa hiyo wiki nzima kama mto wa sufi... Madam Kaaha hakucheka, yule mama hacheki ovyo, anatufundisha usianze na jambo lako, anza na jambo la mwenzako, uliza mvua, uliza malisho, uliza wagonjwa, ukishaingia nyumbani kwake kwa mlango wake ndipo utoe mzigo wako, na siku niliyotoa hotuba ya majaribio, ile ya haki za mwananchi mbele ya askari, darasa zima lilipiga makofi, yeye akauliza swali moja tu, Sawa Abdijabar, na wakikukubali je? nikasema Madam, wakinikubali nimeshinda, akanitazama, akafuta ubao, akasema hamjaiva, mtu asiende sokoni bado... hamjaiva, mimi! nyama ya mbuzi haivi kuliko mimi... nikaenda. Nani alinituma? Miguu hii hii inayotetemeka, kwa sababu inatetemeka sasa, siwezi kuyasingizia magoti peke yake, ni paja, ni tumbo, ni... Sema. Papai. Babai. Lori. Sema. Papai la Pau, Paulo, limepasuka. Kivulini. Wanasogea, Mola wangu, wanasogea, mstari unakwisha kama kamba inavyovutwa kisimani... nikasema juu ya kreti, enyi watu wa soko, kwa nini mnakimbia lori? mwizi ndiye hukimbia, mgeni ndiye hukimbia, ninyi mmezaliwa hapa, mama zenu wamezikwa hapa, siku lori likija simameni, mwambieni huyo askari asalaam aleikum, mimi ni mwananchi, uliza unachotaka, anayekimbia ndiye anayewapa fimbo, na wakaitika, wallahi wakaitika, haa! haa! kama msikitini, na Ogle kule nyuma katikati ya mbuzi wake ananitazama na meno yote nje, anawaambia walio karibu, huyo ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, huyo, mwenye mdomo... na lori halikungoja hata makofi yaishe. Lilikuja kutoka upande wa daraja, la pili likafunga upande wa barabara, wazoefu wakatawanyika kuelekea mtoni kama kuku walioona mwewe, na Ogle, namwona sasa hivi, namwona kuliko ninavyoziona hizi buti, Ogle alikuwa ameshakunja kikoi mpaka magotini, mguu mmoja umeshaondoka, mtu anayefukuzana na ndama wa ngamia tangu utotoni, nani angemkamata yule, hata lori lenyewe lisingemkamata, na mimi nikamshika mkono. Nikamwambia simama, seeddi, shemeji yangu, simama, una haki. Akasimama. Akashusha kikoi. Hivyo tu... na wakikukubali je, na wakikukubali je, mama yule alijua, nilikuwa naogopa wasinisikilize, usiku nilikuwa naota nimesimama naongea na watu wanaondoka mmoja mmoja, kumbe hiyo ndiyo ndoto nzuri, waondoke! waende zao! inatisha zaidi wakikaa, inatisha mtu akichukua neno lako akaliweka miguuni pake kama pingu... Afdheer, ananong'ona, midomo haichezi, kwa Kisomali chetu, Afdheer, huyo jamaa anataka tuseme nini? anataka tunda gani? na mimi nanong'ona papai, papai la Paulo limepasuka, sikiliza, ni rahisi, funga midomo, kaza, halafu pasua, kama unapuliza taa, p, sema p. B, anasema Ogle. Siyo b, p, bila sauti ya kifua, hewa tu. B. Hewa, seeddi, hewa! anajaribu tena, namwona kwa pembe ya jicho anatunisha mashavu kama mtoto anayepuliza puto, b, kisha huyu mtu, huyu mtu wa ajabu, anasema, dugsi nilisoma alif, ba, ta, nikahitimu Kitabu kizima, hiyo herufi sikuiona, kama Mungu mwenyewe hakuihitaji huyu sajini ya nini? na mabega yake yanatikisika, anacheka, mume wa dada yangu anacheka chini ya rungu na mimi sasa ndiye sicheki... kwa Kisomali chetu mdomo na lugha ni neno moja, af, tunasema af tunamaliza, nilikuwa naona ni uzuri, mwenye mdomo ana kila kitu, sasa naona ubaya wake, wakikunyima lugha wamekuziba mdomo, watampandisha Ogle lorini na ujumbe wake wote kifuani, wapi, wengine wanasema kambini Dadaab kwa wakimbizi, wengine wanasema hapana, mbele zaidi, mpakani kabisa, unashushwa unaambiwa nenda, kwenu kule, na kule ni vita, kule hata wenyewe wamekimbia, ataingia na kikoi kimoja na kofia, atamwuliza nani njia ya Hadado, na Weris mimba imefika mwezi wake, amelala upande upande kwetu Waberi, anasubiri nyama ya jioni, nitaingia nimwambie nini, nitaanza na jambo lake? nitauliza mvua?... simama basi, Afdheer, si unajua kusimama, simama useme afande huyu ni Ogle, mke wake ni dada yangu, ukoo wake nauhesabu mpaka babu wa kumi, sema, hapa ndipo darasa lilipo, haya, anza na jambo la mwenzako, jambo la sajini ni nini, nilikuwa nasikiliza, nimemsikiliza tangu mwanzo wa mstari, anapenda kile kicheko, ndilo jambo lake, anapenda wenzake wacheke, siwezi kuingia kwa mlango huo, huo mlango ndio unatumeza... na yule mfanyabiashara wa ngozi aliyesimama pale mwanzoni, aliyesema kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, afande kwa heshima naomba kueleza, hakufika kwenye kueleza, fimbo ilimkuta kwenye kwa heshima, sasa yuko lorini ameshika sikio, kwa hiyo hapana, sisimami, sijasimama, hata nikitaka siwezi, naogopa, haya, mji wote usikie, Afdheer anaogopa, anaogopa mpaka kwenye nywele, waandike ukutani pale pa posta... Sema. Papai la Paulo limepasuka. Kivulini. Sema. Babai, afande, babai, mimi toka Banissa, mimi Kenya, mimi Kenya! Lori. Mimi Kenya... Seeddi, namwambia Ogle, na sauti siyo ile ya kreti, ni sauti ndogo sijui imetoka wapi, seeddi, ulitaka kukimbia? na ni ajabu, ni swali la kwanza nimemwuliza mtu leo, nimeongea tangu alfajiri na sijamwuliza mtu kitu. Ogle anafikiri, anafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa bei ya mnyama mzuri. Miguu ilitaka, anasema. Lakini wewe uliongea vizuri... vizuri, anasema vizuri, hana hata chembe ya kejeli, ningependa angenitemea mate, ningependa anitukane mpaka kwa hooyo, anasema uliongea vizuri, na kisha, sikiliza, ukipelekwa kivulini usinigeukie, wakijua tuko pamoja watakurudisha, na yule mbuzi mweusi Weris asimwuze kwa dalali wa mwanzo, yule ni mwongo, angoje. Haye? Haye, nasema. Haye seeddi... buti zimegeuka, fimbo imeanza kipande chetu cha mstari, naisikia njiti ikivunjika menoni mwake, anachukua nyingine, na mimi najaribu, mdomoni tu, bila sauti, kwa mazoea, kama mtu anayepapasa mfuko wake kuhakikisha, papai, na midomo imekauka, imepasuka kwa jua, haifungiki vizuri, inatoka babai... najaribu tena, babai, na Ogle amesikia, sijui amesikiaje, ananitazama mara ya kwanza tangu tuchuchumae, macho makali, anatikisa kichwa, usiwe mjinga, wewe mdomo, usiwe mjinga, na mimi simfanyii mtu kitu wallahi, sijaamua kitu, mimi siyo shujaa, ni kiu, ni jua, ni hofu imenikausha kama ngozi iliyowambwa, kila mtu anaona midomo yangu imekauka... lakini mate yapo. Nayahisi chini ya ulimi, machache, yanatosha, ningeipitisha ncha ya ulimi mara moja tu midomoni ingelowa, p ingerudi mahali pake, safi, p ya chuma, na kivuli kiko pale, nakiona, Kerrow amekaa amekumbatia magoti hatazami huku, na fimbo iko kwa mtu wa tatu kutoka kwangu, Sema, anasema sajini, na mimi nayameza mate.