Shahada ya Mzee Nyange

Tangu mwaka ule wa corona, Yumna na usingizi hawapatani. Akifumba macho tu, Mzee Nyange huyo kaja, kakaa ukingoni mwa kitanda, anafungua mdomo na kuufumba, hatoi neno. Yumna hutega sikio. Hamna kitu. Basi kutwa huenda kama mtu atembeaye ndani ya maji. Watu wanamsemesha, na sauti zao zinamfikia zimechelewa.

Na kazi yake ni ipi? Muuguzi wa afya ya akili, hospitali ya Chake! Ndiye anayewaambia wenzake, "Kula, lala, toa la moyoni." Mganga hajigangi, walisema wa kale, na wallahi hawakukosea.

Corona ilipoingia, kliniki yao ilifungwa, wagonjwa wakarudishwa majumbani na vidonge vyao, naye, binti aliyetoka chuoni juzi, akapelekwa wodi ya waliokosa pumzi. Jamaa hawakuruhusiwa kuingia. Walimngoja nje, na swali lao lilikuwa moja tu: marehemu alitamka shahada? Angewajibu nini, masikini? Akawa anasema, "Ndiyo, alitamka." Wengine kweli walitamka. Mzee Nyange hakutamka kitu, na mkewe, Bi Mwatima wa kijiji cha Shumba, akaambiwa yaleyale.

Tangu hapo Bi Mwatima kila akija mjini humpitia na mkate wa kumimina. "Mwanangu weye, umenituliza moyo." Yumna huupokea, asiule. Amechoka kushukuriwa kwa uongo.

Siku moja akaenda mwenyewe Shumba. Jua lilikuwa kali, karafuu zimeanikwa hadi kando ya barabara, na harufu yake ikamlewesha asijue kama yu macho au yumo ndotoni. Alimkuta Bi Mwatima kwenye jamvi, anachambua karafuu na kutupa makonyo, vile vijiti vyake, pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa tuchambue."

Wakachambua. Mikono ikiwa na kazi, ulimi nao hulegea.

"Bibi, mie nilikudanganya. Mzee hakusema neno. Hata moja."

Mikono ya Bi Mwatima ikasimama.

"Angesemaje? Ulimi wake ulipooza zamani, kabla ya hiyo corona yenu. Shahada yake ilikuwa hii." Akainua kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kama mtu aliye kwenye tahiyatu ya sala. "Uliponambia katamka, nikajua umekiona. Leo weye wanambia hakikuinuka?"

Kidole cha bibi wa watu bado kiko juu. Yumna akaogopa kuliko alivyopata kuogopa wodini. Kusema "kiliinuka" kulikuwa rahisi, uongo ameshauzoea. Lakini hakutaka tena.

Akafumba macho. Mzee Nyange akaja, akafungua mdomo. Safari hii Yumna hakumtazama mdomo. Alimtazama mkono.

"Bibi," akasema polepole, "kulikuwa na kibanio, twakibana kidoleni kupima hewa. Nikikiweka, anakisukuma kwa gumba kinaanguka, anainua kidole hicho. Nakirudisha, anakisukuma tena. Mie nikamgombeza! Nikamwambia, mzee, tulia, usinisumbue." Machozi yakamshuka. "Alipokata roho nilikuta kibanio kiko shukani, na kidole kimesimama."

"Cha kulia?"

"Cha kulia. Kushoto kulikuwa na dripu."

Bi Mwatima akacheka na kulia pamoja. "Kaidi yule! Hata mie alikuwa hanisikii. Alhamdulillahi." Akamvuta Yumna, akamlaza kichwa mapajani mwake.

Mchana ukasogea. Jirani akapita, akashangaa: nani huyo kalala fofofo juani, juu ya jamvi la karafuu, makonyo yamemganda shavuni?

"We, sauti!" Bi Mwatima akamkaripia kwa kunong'ona, huku akimkinga Yumna jua kwa ncha ya kanga yake. "Mwache mtoto. Ana miaka hajalala."