Mapazia ya Rangi ya Chai

…krrr, kisha kimya, kisha krrr tena, na huyo si panya, panya hatafuni kwa mpigo, na Bonge ndiyo kwanza ameshika titi vizuri, macho nusu yamefumba, ukijitikisa tu atapiga ukelele wa kuamsha kilima kizima, kwa hiyo akabaki vile vile kalalia ubavu, mkono umekufa ganzi chini ya kichwa cha mtoto, akatega sikio, nani anakwangua nini sebuleni saa hizi, halafu akaitambua sauti, si kukwangua, ni cherehani, lile gurudumu la mkono la cherehani aliyoiazima kwa fundi nguo, na ndani ya kibanda hiki wako watu watatu tu, yeye, mwanawe, na mama mkwe aliyeshuka jioni kwenye basi la mwisho akaambiwa samahani mama, taa ya sebuleni imeungua… uongo mtupu, balbu aliifungua mwenyewe, akaitumbukiza kwenye kopo la sukari ili mama asiyaone mapazia mpaka asubuhi, na hiyo asubuhi nayo hakujua ataifanya nini, labda augue, labda mtoto augue, Mungu apishe mbali, mtu gani huyu anamwombea mwanawe homa kwa sababu ya kitambaa! Na sasa mwanga unapenya kwenye nyufa za mbao, mistari mistari mpaka kwenye shuka, mama kaipata balbu, bila shaka kaipata, mama hanywi chai bila sukari, kwa nini hakuificha kwenye chumvi, kichwa hiki kazi yake nini.

Krrr. Anafumua, anafumua kila kitu, kesho atakikunja kitambaa chake vipande vipande akawaonyeshe binti zake, na hao wifi walikuwapo siku ile mama aliposema mpeni huyu binti kibanda akipambe kwa vile vilivyopo, wageni wa mapumziko wakikipenda atakuwa msimamizi, watahamia huko yeye na mume na mtoto, wakikikataa nakiuza, na wale wakakunja midomo kama walioonja ndimu, vile vilivyopo vipi, kulikuwa na nini humu zaidi ya popo na kitanda kisicho na mguu… na kushindwa maana yake ni kurudi kwenye chumba cha uani kwa wifi mkubwa, anayesimama mlangoni kuangalia unafulia nepi kwa ndoo ngapi, anayesema kwa sauti ya upole, sisi watoto wetu hawakuwa wakikojoa hivi. Hapana, harudi, bora alale chini ya miti, ila mtoto je.

Na alikuwa amefika mbali, jamani, alikuwa karibu kabisa, makreti ya matunda aliyaomba sokoni akayapiga msasa mpaka vidole vikachubuka, yakawa rafu, chupa za jemu kazifunga kamba na kuzitia majani makavu ya kichakani, rangi iliyobaki kwa seremala, bluu kidogo, kijivu kidogo, akaichanganya ikatoka rangi isiyo na jina lakini ukutani imekaa kama anga kabla ya mvua, yakabaki mapazia tu, na mama mwenyewe ndiye aliyesema nenda chumbani kwangu, chini ya kitanda kuna sanduku la matambara, chukua utakalo, naye akainama, masanduku mawili! la mbao na la bati, angeuliza, si angeuliza tu, mdomo haulipiwi, lakini mama alikuwa sebuleni na wifi mkubwa na yeye huwa anaogopa hata kukohoa mbele ya wale, akavuta la bati, halikuwa na kufuli, ndani limo guo jeupe limekunjwa limefifia, alilipapasa gizani likakwaruza kidogo, akadhani viraka. Akalikata. Akachemsha majani ya chai kwenye sufuria kubwa, akayazamisha mapazia yote, kwa sababu mapazia meupe ni ya hospitali, alitaka rangi ya asali, na alipoyatoa akayakamua akayatanua juani… ndege. Ndege wengi, weupe pee, mabawa wazi, nguo imekunywa chai lakini uzi umekataa, uzi ule wa kung'aa haukuingia rangi hata chembe, vikatokea vitu vilivyodariziwa ambavyo hakuna aliyeviona, nyeupe juu ya nyeupe, na ndege mmoja mkasi ulikuwa umempita shingoni. Alipompigia mume, mume akiwa safarini na lori, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, mama Bonge, hicho ni cha bibi, hicho hata baba alikuwa haruhusiwi kukishika…

"Mama Bonge."

Usijibu, pumua kama aliyelala, ndani, nje.

"Mama Bonge, aliyelala hapumui kama mtu anayepanda mlima."

"Abee, mama."

"Mtoto kalala?"

"Ananyonya, mama."

"Basi usinyanyuke. Sindano nyingine umeweka wapi? Hii inaruka mishono."

Sindano, ya nini, mtu anayefumua hatumii sindano ya cherehani, anatumia wembe… "Kwenye kreti la juu, mama, ndani ya kopo. Mama, unafumua?"

"Nifumue nini? Napiga pindo. Hili la dirisha kubwa umeliacha linaning'inia kama ulimi wa mbwa, wageni kesho."

Sema sasa, sema kabla hajasema yeye. "Mama, kile kitambaa, mimi nilivuta sanduku…"

"Nakijua kitambaa changu." Krrr, ndefu hiyo, pindo zima. "Nilipewa na mama mkwe wangu nikiwa msichana kama wewe. Akaniambia nitakitandika akija mgeni wa heshima. Basi kila mgeni aliyekuja, yule mama akimtazama, heshima yake haitoshi. Akafa. Nami nikaogopa kukitandika, nikaogopa kukigawa, kazi yangu kukianika na kukikunja. Mwaka jana nikaondoa kufuli, nikasema labda panya watanisaidia. Wapi! Hata panya walikuwa wanamwogopa yule mama."

Kitanda kinatikisika, nani anatikisa kitanda, ni yeye, anacheka, anacheka na machozi yanaingia sikioni, Bonge kaachia titi ananung'unika, nyamaza baba, shika, shika, bibi yako hana hasira, unasikia, hana hasira…

"Na hawa ndege sikuwajua," sauti imeshuka huko nyuma ya mbao. "Nilidhani ni maua tu. Umewatoaje?"

"Ni chai, mama. Majani yaliyokwisha kutumika, nilikuwa nayaweka."

"Mh. Na ile uliyonipa jioni?"

"Ile ilikuwa mpya, mama, haki ya Mungu!"

"Nimeuliza tu. Wageni watataka kujua mapazia haya yametoka wapi. Jibu utalitafuta mwenyewe, si wewe utakayekuwa unaishi hapa?"

Unaishi hapa. Kasema unaishi, si utaona, si tutazungumza, unaishi, na mkono bado umekufa ganzi, na mistari ya mwanga iko pale pale kwenye shuka, na kibanda ni kile kile, ila mbao zinanukia rangi mpya na yeye ndiye aliyeipaka, mguu wa kitanda kautia yeye, kumbe mtu anaweza kukaa na woga kwenye sanduku umri wote, anauanika, anaukunja, naye kwa siku hizi chache tu alitaka kuugua…

"Lakini wifi yako mkubwa," mama anasema, "huyo anangoja nife akitandike kwenye sofa lake. Akiuliza kiko wapi, kimeliwa na panya. Baba Bonge anajua?"

"Anajua, mama."

"Huyo hana neno, mdomo wake mzito tangu mdogo. Basi iishie hapo."

"Itaishia hapo, mama," akasema polepole, mtoto asishtuke, "simwambii mtu mwingine."