Muindi na Ufizi Uliokataa Kufunga

Gego la Muindi lilikuwa limeng'olewa, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya shimo. Wiki zilipita na shimo halikufunga, na mdomo wake ukaanza kutoa harufu iliyomfanya mkewe, Kavata, alale akiangalia ukuta.

Muindi alifuga nyuki hapa Kyuso, na asali yake ilikuwa imefunga vidonda vya kijiji kizima: vya panga, vya moto, hata vya punda. Basi akawa anajaza asali kwenye lile shimo asubuhi, mchana, na kila alipopita karibu na mtungi. Ikiteremka, anaimeza. Angeitema? Asali ya Kyuso haitemwi, jamani.

Hayo yangebaki mambo yake na mdomo wake, ila binti yao Wavinya alikuwa anaolewa. Kina Ngure wa Emali walikuwa wanaleta mbuzi wa ntheo, yule wa kuthibitisha ndoa, na kwa ukoo wa Muindi, baba asipotafuna nyama ya mbuzi huyo mbele ya wageni, amemkataa mkwe. Hakuna kusingizia kiungulia. Ni kutafuna na kumeza, watu wakiona.

Kavata akamburuta hadi zahanati. Daktari Mutie akamchoma kidole, akaangalia mashine, akachoma kingine.

"Mzee, una kisukari," akasema. "Damu ikijaa sukari, ufizi hauna nguvu ya kupona, na vijidudu vinastawi. Hata hayo meno mengine yatalegea. Sukari ikishuka, kidonda kitafunga. Unapenda vitu vitamu?"

"Mimi? Hata chai nakunywa bila sukari."

"Na asali?"

Muindi akamwangalia kwa huruma. "Asali ni dawa, daktari."

Mutie akaeleza kwamba asali ikishamezwa, mwili hauulizi kama utamu umetoka dukani au mzingani. Muindi akashukuru sana, akachukua vidonge, akaenda nyumbani akavimeza vizuri kabisa, kwa kijiko cha asali. Kichwa ngumu, huyo mtu! Kavata alisema mpaka akachoka.

Siku ya ntheo ikafika na shimo likiwa pale pale. Muindi akaketi mbele ya wageni, akapewa kipande cha mguu. Akauma kwa upande mzima, maana ule mwingine ulikuwa haugusiki. Kitu kikaachia. Nyama ilikuwa mdomoni, na jino pia lilikuwa mdomoni, ila halikuwa limeshikana na mtu yeyote.

Watu wote walikuwa wanamwangalia. Wavinya alikuwa amekunja mikono kifuani, hapumui. Baba yake alimpenda mtoto huyo kupita kiasi, na akitema sasa, ametema ndoa yake. Moyo ulimuuma kuliko ufizi.

Akameza vyote.

Vigelegele vikalia uwanja mzima. Ngure, baba wa bwana harusi, akamgusa mkewe Gakenia. "Huyu mzee ana meno! Hata mfupa hatemi."

Muindi akatabasamu mdomo ukiwa umefungwa, akimeza damu polepole. Kisha akainama kwa Kavata.

"Kesho nirudishe kwa Mutie. Na asali yote iliyo nyumbani, uza."

"Wewe leo umeingiwa na nini?"

Muindi akamwangalia kitinda mimba wao, Kalunde, aliyekuwa anawagawia wageni soda.

"Na yule naye ataolewa," akasema. "Mbuzi wake nitamtafuna na nini?"